Upepo Ukiisha: Namna ya Kulihukumu Tela Ukiwa Inyonga

Kutoka Mpanda hadi Tabora ni tambarare na miombo. Barabara ile ya zaidi ya kilomita 340, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, sasa ni lami, na lori lenye breki mbovu linaweza kupita njiapanda ya Inyonga, likavuka mto Koga, likaingia Sikonge na hatimaye Tabora, asishtuke mtu, dereva mwenyewe akiwemo. Hakuna mteremko wa kuliumbua. Ubovu utajitokeza kwenye mteremko wa Sekenke, au wa Kitonga kama lori limezungukia Sumbawanga na Mbeya, na huko mtu amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo anayenunua tela lililotumika hapa Mlele, au AMCOS, yaani ushirika wa wakulima, inayotafuta malori ya kubebea tumbaku msimu wa masoko, sharti ajue kulihukumu gari likiwa limesimama.

Wengi huhukumu kwa rangi, matairi na mlio wa injini. Mimi nina swali moja tu, nalirudia kwenye kila kifaa: upepo ukiisha hapa, itakuwaje?

Swali hilo lina historia. George Westinghouse alipopata hataza ya breki ya upepo mwaka 1869 kule Marekani, breki yake ya treni ilifanya kazi kwa kupeleka upepo kwenye mabehewa dereva alipotaka kusimama. Bomba likikatika, breki hazipo. Kufikia 1872 alikuwa ameugeuza mpango wote: bomba likae limejaa muda wote, na presha ikishuka, kwa kutaka au kwa ajali, breki zishike zenyewe. Malori ya leo yamerithi fikra hiyohiyo. Nyuma ya chemba ya breki ya magurudumu ya nyuma mna springi nene iliyobanwa na upepo. Upepo unaizuia; ukitoweka, springi inajisukuma na gurudumu linafungwa. Anayesema upepo ndio unaofunga hendibreki ya lori kakosea: upepo unaifungua.

Basi nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla mwenye gari hajaliwasha. Akishaliwasha, tazama geji. Kompresa nzima hujaza matenki bila kusuasua; inayochukua muda wa kunywa chai nzima imechoka au inalisha uvujaji mahali fulani. Matenki yakijaa, weka kabari kwenye magurudumu, zima injini, achia hendibreki, usikilize kimya. Kipimo wanachofundishwa madereva wa malori Marekani kinafaa hata huku: kwa hosi (kichwa cha kuvuta) na tela moja, geji isishuke zaidi ya psi 3 kwa dakika breki zikiwa zimeachiwa, na isizidi psi 4 ukiwa umekanyaga pedali na kuishikilia. Sauti ya upepo ikisikika, chukua maji ya sabuni na brashi, upake kwenye viungo vya mabomba. Povu halidanganyi, na fundi mzuri huanza na sabuni kabla hajashika spana.

Kisha, injini ikiwa bado imezimwa na swichi ikiwa imefunguliwa, piga pedali mara nyingi uumalize upepo. Kengele au taa ya onyo inapaswa kuamka kabla geji haijafika psi 60. Endelea kupiga mpaka hendibreki ijifunge. Muuzaji akikuambia kengele imekatwa kwa sababu ilikuwa inasumbua, amekwisha kukueleza jinsi gari lilivyotunzwa.

Usiache matenki kabla ya kuvuta vijiwaya vya kutolea maji. Yakitoka matone machache safi, sawa. Yakitoka maji ya rangi ya maziwa yenye utelezi, ni mafuta ya kompresa yaliyochanganyika na unyevu. Ringi zimeisha na drya, yaani kikausha upepo, imeshindwa kazi. Mchanganyiko huo huenda hadi kwenye valvu na kuzitafuna mipira kwa ndani. Katavi wakati wa masika hewa imejaa unyevu, na kichujio cha drya ambacho hakijabadilishwa kwa miaka hakina tofauti na kopo tupu. Kwangu mimi, tenki kavu ni sifa kubwa kuliko kabini iliyopakwa rangi upya.

Sasa ingia chini ya gari. Hapa ndipo watu huona uvivu, na hapa ndipo pesa zao zinapopotelea. Hakikisha kabari zimekaa imara, upepo umejaa na hendibreki imeachiwa. Chukua chaki, uweke alama kwenye fimbo inayotoka kwenye chemba, pale inapokutana na mdomo wa chemba. Mwambie utingo akanyage breki na kushikilia. Pima umbali ambao alama imesogea. Kwa chemba ya ukubwa wa 30, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye matela, isizidi inchi 2, yaani milimita 51 hivi. Ikizidi hapo, fimbo inakaribia mwisho wa safari yake, na dramu zikipata moto mteremkoni zitapanuka na kumaliza kidogo kilichobaki. Pima kulia na kushoto. Tofauti kubwa kati ya pande mbili inanitisha kuliko pande zote mbili kulegea kidogo, kwa sababu gari la namna hiyo litavuta upande mmoja kwenye lami yenye maji. Tazama pia pembe: breki ikishika, fimbo na mkono wa adjasta viwe karibu na nyuzi 90.

Ukiwa hukohuko chini, angalia mgongo wa chemba. Kuna bolti ndefu ya kuibana springi, na mahali pake pa kawaida ni pembeni, kwenye kishikio chake. Ukiikuta imechomekwa nyuma na kukazwa, mtu ameifunga springi isifanye kazi. Sababu yaweza kuwa chemba inavuja na mwenye gari alitaka kufika. Lakini gurudumu hilo halina tena breki ya dharura wala ya kuegesha. Vilevile fuatilia mabomba ya mpira yote hadi mwisho. Bomba lililokunjwa na kufungwa kwa waya, au lililozibwa kwa bolti, ni breki iliyozimwa makusudi. Na neno kwa mafundi vijana: kibanio kinachozunguka chemba ya springi kisifunguliwe kamwe kwa spana ya barabarani. Springi ile ikiruka inaua.

Mabomba ya kati ya hosi na tela ni mawili, jekundu na la njano. La njano hubeba amri ya pedali. Jekundu hulisha tenki la tela, na ndilo la kujaribia. Tela likiwa limeachia breki, gari limesimama mahali pasipo mteremko, chomoa jekundu. Tela lijifunge papo hapo. Mwambie dereva ajaribu kulivuta polepole. Magurudumu yakizunguka, valvu ya dharura ya tela imekufa, na siku bomba litakapokatika njiani tani zote zilizo nyuma zitamfuata dereva bila breki.

Tukitoka kwenye breki na kuja kwenye springi zinazobeba mzigo, za upepo ndizo zinazowagawa watu. Wazee wa malori wanaamini springi za majani, na kwa njia za vumbi kama za kuelekea Ilunde nawaunga mkono: jani likivunjika, fundi yeyote mwenye nyundo na moto atakusogeza. Lakini tela linalokwenda Dar es Salaam kwa lami na kurudi, mifuko ya upepo inalilipa. Sababu ya kwanza ni mizani. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, inaweka mwisho wa tani 56 kwa gari lote na tani 24 kwa ekseli tatu za nyuma zenye matairi mawilimawili. Unaweza kuwa ndani ya tani 56 na bado ukapigwa faini kwa ekseli moja iliyobeba kuliko wenzake, hasa boshi za springi za majani zikiwa zimeisha. Mifuko ya upepo huunganishwa kwa mabomba, presha hujisawazisha, na mzigo hugawanyika. Ukifunga geji kwenye bomba la mifuko na ukajua presha ya tela lililopimwa mizani, utakuwa na makadirio ya uzito kabla hujatoka Inyonga. Sababu ya pili, ulaini wa safari, anaijua kila aliyepakia ndoo za asali.

Ubora wa mfuko wenyewe hausomeki kwenye kung'aa. Pitisha kidole pale mpira unapojikunja juu ya pistoni yake. Nyufa huanzia hapo, na ukiona nyuzi za ndani, mfuko umekwisha. Jina la mtengenezaji na tarehe viwe vimechapwa kwenye mpira wenyewe, si kwenye karatasi ya kubandika. Toa kokoto. Changarawe ikinaswa kati ya mpira na pistoni, tela likiwa tupu na mifuko imelegea, hutoboa mfuko mpya ndani ya wiki.

Ila mifuko mingi huuawa na shokapu. Kwenye mifumo mingi ya upepo, shokapu ndiyo inayozuia ekseli isidondoke kupita kiasi gurudumu linapoingia shimoni. Shokapu ikikatika, mfuko unavutwa mpaka unachanika. Kuijua ni rahisi: gari likirudi kutoka safari yenye mashimo, gusa shokapu moja baada ya nyingine, kwa tahadhari. Yenye joto imefanya kazi. Ya baridi imepanda gari bure.

Valvu ya kimo ina mkono mdogo ulioungwa na ekseli. Uchomoe mkono huo, uinue: mifuko ijae. Uteremshe: itoe upepo. Ukiukuta umefungwa kwa waya, tela limekuwa likitembea kwa kimo cha kubahatisha. Na matela mengi hulisha mifuko yote kwa valvu moja, kwa hiyo likiinama upande mmoja usikimbilie kununua mfuko. Angalia bolti za U, boshi na mkono wa ekseli.

Jaribio ambalo wanunuzi wachache hulifanya ni hili. Mifuko na breki hunywa kutoka chanzo kimoja, na kati yao lazima iwepo valvu ya ulinzi ili mfuko ukipasuka usizinyonye breki. Fungua mahali pa kutolea maji kwenye tenki la springi za upepo, ulimalize lote. Tela laweza kukaa chini. Sasa vuta kijiwaya cha tenki la breki. Upepo ukitoka kwa nguvu, valvu inafanya kazi. Ukitoka kwa kunong'ona, tela hilo litapoteza springi na breki kwa pigo moja, na hakuna kompresa mpya itakayolisaidia.

Taa ya ABS haichukui muda: iwake ukifungua swichi, kisha izimike. Isiyowaka kabisa mara nyingi imeng'olewa balbu.

Bei sasa. Mabomba yanayovuja, kichujio cha drya, mfuko mmoja wenye nyufa na shokapu baridi ni mambo ya kupunguziana bei, maana vyote hivyo hufungwa ndani ya siku moja. Bolti iliyokazwa nyuma ya chemba naihesabu tofauti. Lipia chemba zote za ekseli hiyo kabla tela halijatoka uani, muuzaji akatae au akubali, na lisipakiwe gunia hata moja la mahindi mpaka jaribio la bomba jekundu limerudiwa.