Jicho Moja la Kiazi

Gloriosa ni mmea wenye shina dhaifu, lakini hupanda. Ncha ya kila jani hurefuka ikawa uzi unaojizungusha kwenye kijiti au tawi la jirani, na hivyo mmea hufika juu ya kichaka na kuchanua huko. Petali zake sita hupinda kinyumenyume, kingo zikiwa na mawimbi. Chini ni njano, juu ni nyekundu, na siku zinavyopita wekundu huteremka hadi kuifunika njano yote. Humea porini Afrika na Asia, ikiwemo kwetu Kenya na Tanzania. Nchini Zimbabwe ni ua la taifa. Katika Tamil Nadu, kusini mwa India, ni ua la jimbo.

Tamil Nadu ndiko wakulima wanakoipanda mashambani kwa ajili ya mbegu. Ndani ya mbegu na viazi vyake mna kolkisini, dawa ya jongo, ambayo pia ni sumu kali: aliyekidhania kiazi hiki kuwa chakula anaweza kupoteza maisha. Kolkisini huzuia seli isigawanyike. Huvuruga nyuzi zinazovuta kromosomu kwenda pande mbili, na kazi hukwama katikati. Tangu 1937 wazalishaji wa mbegu wameitumia kuongeza idadi ya kromosomu katika mimea.

Mmea wenye kizuizi hicho mwilini nao huongezeka polepole mno. Kiazi chake kina umbo la V, mikono miwili tu, na kila mkono una jicho moja kwenye ncha. Ncha hiyo huvunjika kwa urahisi, na ikivunjika mkono mzima haufai kupandwa. Mbegu nazo hulala miezi mingi kabla ya kuota, na mche wake hukaa miaka kadhaa bila kuchanua. Ndiyo maana ufundi wa kuzalisha miche chupani una thamani kubwa zaidi hapa kuliko kwa mmea unaojitawanya wenyewe.

Ufundi huo una historia ndefu. Gottlieb Haberlandt alieleza mwaka 1902 kwamba seli ya mmea ingeweza kulelewa peke yake. Yeye mwenyewe hakufanikiwa kuifanya igawanyike. Mwaka 1957 Skoog na Miller, wakifanyia kazi tumbaku huko Wisconsin, Marekani, walionyesha kuwa uwiano wa homoni mbili ndio unaoamua: saitokinini ikizidi hutoka machipukizi, oksini ikizidi hutoka mizizi. Mwaka 1962 Murashige na Skoog wakatoa mchanganyiko wa madini ambao maabara nyingi bado zinaupika, ukiwa na gramu 30 za sukari kwa lita na agari ya kuugandisha.

Kupika ni rahisi. Kusafisha ndiko kunakompima fundi. Jicho la gloriosa limeishi udongoni, na vijidudu vimejificha katika mikunjo yake, vingine ndani kabisa. Huoshwa kwa maji yanayotiririka, kwa sabuni, kwa spiriti kidogo, kisha kwa dawa ya klorini, halafu husuuzwa tena na tena kwa maji yaliyochemshwa kwa presha. Klorini ikipungua, baada ya siku chache chupa hujaa ukungu. Ikizidi, jicho hufa likiwa safi. Kati ya hayo mawili pana nafasi nyembamba sana, na hakuna kitabu kinachoweza kumwonyesha mtu ilipo kwa kiazi alichokishika siku hiyo. Fundi mwenye uzoefu huikisia kwa kutazama.

Mbele ya kabati la hewa safi, kibano hupitishwa motoni kila baada ya mguso. Maganda ya nje hutolewa moja moja hadi kibaki kipande cheupe, kidogo kuliko punje ya mchele. Wapo wanaoharakisha kwa kulifanya jicho litoe kwanza donge la seli zisizo na umbo, kwa kuwa donge hutoa miche mingi. Mimi namheshimu zaidi anayelisubiri jicho lenyewe litoe machipukizi, kwani miche inayotoka kwenye donge huweza kutofautiana na mama yake, na mkulima wa dawa anataka mama yuleyule.

Kisha ni kugawa na kuhamisha, wiki baada ya wiki, mpaka mizizi itoke na baadhi ya miche ianze kufanya vijiazi humo humo chupani. Hatari haijaisha mche unapotolewa chupani. Jani lililokulia chupani halijui ukavu: ngozi yake ni nyembamba na vitundu vyake havijui kujifunga. Agari huoshwa yote, maana sukari iliyosalia huita ukungu, na mche hufunikwa nailoni ambayo hufunuliwa kidogo kidogo, siku hata siku.

Ukifika shambani, mche huo hausamehewi kazi. Tamil Nadu mkulima huusimamishia miti na waya, na maua yanapofunguka hupita asubuhi akihamisha chavua kwa mkono, ua kwa ua, kwa sababu shingo ya kike imepinda upande, mbali na chavua yake yenyewe.