Chukudu Isiyo na Gurudumu

Baba alituachia chukudu, skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ambayo hakuimaliza. Alifariki mwaka 2019, Ebola ilipokuwa kwetu Vuhovi, akazikwa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga. Sisi wanawe hatukumwosha. Godoro na nguo zake zilichomwa. Tezo, patasi na keekee vilisafishwa kwa klorini, tukarudishiwa. Wenzetu hurithi shamba la kahawa au mikaratusi ya kukata. Sisi tulirithi chuma kinachonuka dawa.

Usukani ulikuwa tayari, ubao wa mizigo pia, na gurudumu la nyuma lilishavishwa ukanda wa tairi kuukuu. Lilibaki la mbele. Baba hakulikimbilia gurudumu. Alichagua kipande cha mti mgumu, akakiweka kivulini juu ya mawe kikauke polepole. Msimu ukipita, alikigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikijibu kwa sauti nzito, alikirudisha kwenye mawe. Akishachonga gurudumu, alilitundika kwenye msumari na kulizungusha. Upande uliozoea kushuka chini ndio mzito, basi tezo ilipita hapo, kidogo tu, kisha akalizungusha tena. Mteja akinung'unika, alimwuliza: “Likipasuka mteremkoni, nani atakuokota?”

Swali hilo halikuwa la kutisha mtu. Anayeteremka vilima vyetu kuelekea Butembo na magunia ya viazi au makaa hana injini wala breki, isipokuwa kipande cha mpira anachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Uhai wake umo mikononi mwa fundi. Goma wameijengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu tangu 2009, na inaistahili. Lakini sanamu haibebi gunia. Pikipiki zimechukua mizigo mingi, nami siwalaumu wenye haraka zao. Ninacholaumu ni mti unaokatwa leo na kuwa chukudu kabla wiki haijaisha, ukitoa maji bado.

Kaka yangu alisema tusibishane na marehemu, tuimalize. Tukaipeleka kwa fundi kijana. Alituahidi gurudumu kesho yake. Nikamwuliza mti wake umekauka tangu lini. Akajibu kwamba rangi itafunika nyufa. Kaka alinitazama, akashika usukani, nami nikainua upande wa mbele, tukairudisha nyumbani kama Baba alivyoiacha.