Kuvua na Kuvuna: Samaki wa Bwawani katika Lugha ya Sheria

Tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini Tanzania, dhamana ya mfasiri imekuwa nzito zaidi. Neno analoliteua laweza kumpa raia haki au kumtia hatiani. Mfano mmoja ni kitenzi kuvua.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inahusu shughuli mbili: uvuvi, na ukuzaji wa viumbe maji. Hata hivyo, si ajabu kukuta maandishi yanayosema kwamba mtu huvua sangara ziwani, na huvua vilevile sato aliowafuga bwawani. Kisarufi hapana kosa. Kisheria ipo hatari. Mvuvi wa ziwani humtwaa samaki ambaye si mali ya mtu binafsi hadi anaswe. Ndiyo maana mvuvi hudaiwa leseni, na kanuni humwekea kipimo cha matundu ya nyavu. Mfugaji amechimba bwawa, amenunua vifaranga na kuwalisha. Samaki ni wake hata kabla ya kutolewa majini. Masharti yanayomkabili ni ya namna nyingine, kama vile kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Tena, mtu akiingia usiku katika bwawa la jirani na kutoa samaki, je, amevua bila leseni au ameiba? Kitenzi kimoja hakiwezi kujibu.

Wafugaji na maofisa ugani wamekwisha kupata jawabu: wao husema kuvuna samaki. Twaona yafaa istilahi hiyo ipokewe katika tafsiri za sheria.

Yawezekana kupinga kwamba twasema pia uvunaji wa misitu ya asili, ambayo hakuna aliyeipanda. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo kuteua neno peke yake hakutoshi. Yapasa kifungu cha tafsiri kieleze kwamba, kwa madhumuni ya sheria hiyo, kuvuna ni kutoa majini viumbe vilivyokuzwa na mwenye navyo, na kwamba kuvua hakuhusishi tendo hilo. Baada ya hapo, kila kitenzi kibaki mahali pake katika sheria, kanuni na fomu za leseni.