MIKOPO YA SERIKALI: NYENZO YA UZALISHAJI AU SADAKA?

Kukosoa na kujikosoa ni wajibu wa kila mwanachama. Katika suala la mikopo ya serikali wajibu huo hatujautimiza. Kila inapotangazwa kwamba fedha zimetolewa kwa vikundi vya akina mama na vijana, sisi makada tunapiga makofi na kuhesabu shilingi zilizotoka. Ni nadra kuuliza zimezalisha nini. Tunasema wazi kwamba kipimo hicho ni kosa la kinadharia, na kosa hilo limekwisha kutugharimu.

Yapo mawazo mawili potofu. La kwanza linadai kuwa fedha ya serikali ni mali ya wote, kwa hiyo kurejesha ni hiari. La pili, ambalo ni la kibepari, linadai kuwa serikali haijui kukopesha, hivyo kazi hiyo iachiwe benki za watu binafsi. Mawazo haya yanaonekana kupingana, kumbe yanalishana: kila mkopo usiorejeshwa unampa bepari hoja.

Historia inayakanusha yote mawili. Hata mabepari wenyewe, katika Ujerumani iliyobomolewa na vita, waliunda benki ya umma ya KfW mwaka 1948. Benki hiyo ilikopesha fedha zilizotokana na Mpango wa Marshall kwa viwanda, nishati na nyumba, na zilizorejeshwa zikakopeshwa tena.

Kwetu, Benki ya Maendeleo Vijijini (TRDB) iliundwa mwaka 1971. Sheria ya Vijiji ya 1975 ikakipa kijiji uwezo wa kukopa kwa jina lake, na kwa Mpango wa Taifa wa Mahindi mbegu bora na mbolea zikawafikia wakulima kwa mkopo. Mikopo hiyo, pamoja na bei moja ya mahindi kwa nchi nzima, ilisaidia kuifanya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa kuwa ghala la taifa. Mabepari hawakuifanya kazi hiyo, kwa sababu mkulima wa mbali na reli hakuwa na faida kwao.

Basi mbona benki ile ililemewa na madeni? Vita vya Kagera vya 1978-79 na kupanda kwa bei ya mafuta vilituumiza, lakini tusijifiche nyuma yake. Mkopo ulikuwa wa kijiji kizima, hivyo aliyelima kwa bidii na aliyezembea waliwekwa katika deni moja. Vyama vya ushirika vilivyokuwa vikikata deni kwenye malipo ya mazao vilivunjwa mwaka 1976. Shirika la Usagishaji la Taifa lililokuwa likinunua mahindi lilichelewa kulipa, nalo lenyewe likawa linaishi kwa madeni ya Benki ya Taifa ya Biashara. Mkulima aliyeuza kwa magendo alipata fedha taslimu na akalikwepa deni. Mnyororo wa mkopo, mazao, soko na marejesho ukakatika. Mwaka 1984 TRDB ikageuzwa kuwa CRDB. Mwaka 1991 sheria mpya ikafungua mlango kwa benki za binafsi. Mwaka 1996 CRDB yenyewe ikabinafsishwa. Urasimu wetu ndio uliompisha bepari.

Sasa tuitazame Kihesa, mjini Iringa. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchini kote, baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa. Mwaka 2024 ikarejeshwa kwa utaratibu mpya.

Nani aliumizwa na kusimamishwa huko? Si aliyeandikisha kikundi hewa. Aliyeumia ni mama wa Kihesa mwenye kusaga na kufungasha unga, ambaye msimu wa mavuno ulimkuta hana fedha ya kununua gunia. Wizi wa wachache ulilipwa na wafanyakazi waaminifu. Hii ndiyo sura ya kitabaka ya mkopo usiorejeshwa.

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mkopo ufuate kalenda ya uzalishaji. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba au Desemba. Fedha ya mbolea ya kupandia ikifika Februari si mtaji tena, ni deni tupu. Pili, majina ya vikundi, kiasi walichokopa na walichorejesha yasomwe katika mikutano ya mtaa, kwa maana jirani anakijua kikundi hewa kabla ya mkaguzi. Tatu, kiongozi wa Chama asipimwe kwa fedha iliyogawiwa katika eneo lake, apimwe kwa mali iliyozalishwa na fedha iliyorejea kumkopesha mwingine.

Azimio la Arusha la 1967 lilituonya tusiifanye fedha kuwa msingi wa maendeleo. Onyo hilo halikatazi kukopa. Linatukumbusha kwamba mkopo ni jembe, na jembe lisipoingia shambani halioti mahindi. Kada wa Kihesa aanze na daftari la marejesho la mtaa wake.