Neno la Mshtakiwa: Kusingiziwa kwa Sababu ya Rangi katika Othello na katika Riwaya ya Harper Lee

Wahenga walisema, mdhaniwa ndiye kumbe siye. Methali hii yatuonya juu ya kosa la kudhani, lakini haituelezi kwa nini baadhi ya watu hudhaniwa upesi kuliko wenzao. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo katika kazi mbili ambazo mshtakiwa wake ni mtu mweusi: tamthilia ya Shakespeare, Othello, iliyoigizwa Whitehall, London, mwaka 1604, na riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird, iliyochapishwa mwaka 1960. Aghalabu wahakiki huuliza kama hukumu ilikuwa ya haki. Kwa maoni yetu swali hilo halitoshi. Hapana budi kuuliza kwanza ni neno la nani lililokwisha kupewa uzito kabla ya kesi kuanza.

Katika tendo la kwanza la Othello, Brabantio anamshtaki jemadari mweusi kwamba amemwoa binti yake kwa uchawi na madawa. Hana shahidi. Kwake rangi ya mshtakiwa ni ushahidi tosha, ingawa ni yeye mwenyewe aliyezoea kumkaribisha Othello nyumbani kwake na kumsikiliza akisimulia masaibu yake. Mtawala wa Venisi anakumbusha kuwa kudai si kuthibitisha. Othello anajieleza, Desdemona anaitwa kutoa ushahidi, na shtaka linaanguka.

Wengi wameusifu uamuzi huu. Lakini tutazame hali yenyewe. Waturuki wanaielekea Cyprus, na usiku uo huo Venisi inamhitaji Othello. Isitoshe, Mtawala anapomtuliza Brabantio anamwambia kuwa wema wa mkwe wake umezidi weusi wake. Yaani mshtakiwa anasafishwa kwa kutengwa na weusi; dhana yenyewe juu ya watu weusi haikuguswa. Ndiyo maana Iago anaweza kuiokota tena bila taabu. Naye Othello, aliyepewa nafasi ya kujitetea na mashahidi wake kusikilizwa, baadaye anamhukumu Desdemona kwa sababu ya leso bila kuusadiki utetezi wake. Hapo Othello amekuwa Brabantio. Kwa mtazamo wetu, huu ndio msiba mkuu wa tamthilia hii: mtu aliyesingiziwa amerithi kipimo cha waliomsingizia.

Tom Robinson, katika riwaya ya Lee, hana vita vya kumfanya ahitajiwe. Yeye ni kibarua mweusi katika mji wa kubuniwa wa Maycomb, Alabama, miaka ya 1930, naye anashtakiwa kumnajisi msichana mzungu. Ushahidi wa kumtetea ni wazi. Msichana ameumizwa upande wa kulia wa uso. Babake anatumia mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom uliharibiwa na mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mtoto. Hata hivyo waamuzi wanamtia hatiani. Kilele cha kesi hakimo katika mkono huo, bali katika neno moja. Tom anapokiri kuwa alimsaidia msichana kwa kumwonea huruma, mwendesha mashtaka analidaka neno hilo kana kwamba ni kosa la pili. Mtu mweusi kumhurumia mzungu ni kujiweka juu yake. Ukweli wa Tom unamdhuru kuliko ambavyo uwongo ungemdhuru.

Historia ya jimbo hilo yaonyesha kuwa Lee hakutia chumvi. Mwaka 1931 vijana weusi tisa walikamatwa huko Alabama wakishtakiwa kuwanajisi wanawake wazungu wawili ndani ya garimoshi, na kabla ya majuma matatu kupita wanane wao walikuwa wamehukumiwa kifo. Mwaka 1933 mmoja wa wanawake hao alisimama mahakamani akakana kuwa walinajisiwa. Waamuzi wakamtia mshtakiwa hatiani vilevile. Mlalamikaji aliyeaminiwa alipomshtaki mtu mweusi hakuaminiwa alipomtetea. Watatu wa mwisho walipata msamaha wa jimbo mwaka 2013, wote wakiwa wamekwisha kufariki.

Wako watakaosema kuwa riwaya ya Lee inajitosheleza kwa sababu ya wakili Atticus Finch, ambaye utetezi wake ni wa kishujaa. Hatuukani ushujaa huo, na twakubali kuwa kwa kumchagua msimulizi mtoto wa kizungu mwandishi alikusudia kuisuta jamii yake mwenyewe. Lakini uteuzi huo una gharama. Twamsikia Tom akijibu maswali tu. Mawazo yake gerezani hatuyajui, na kifo chake kwa risasi 17 twakipata kama habari iliyoletwa na wengine. Msomaji anamaliza kitabu akimjua mtetezi kuliko mtetewa.

Basi tunaposomesha kazi za namna hii, tusiishie kuwasifu Mtawala na wakili. Mwanafunzi atakayejifunza kumhurumia Tom pasipo kujifunza kuusikiliza ushahidi wake atakuwa ameyaiga macho ya Maycomb, japo moyo wake ni mwema. Dhuluma katika kazi hizi haikutokana na uhaba wa ushahidi, bali ilitokana na masikio yaliyokwisha kuamua.