Deni la Masomo na Kilio cha Wanaume

Kule Marekani mambo mawili yanagombanishwa: deni la masomo, na taabu za vijana wanaume. Mwaka 2022 Rais Biden alitaka kufuta deni la wanafunzi, hata dola 10,000, na 20,000 kwa waliopata msaada wa maskini. Tarehe 30 Juni 2023 Mahakama Kuu ilikataa.

Kuna watetezi wa wanaume wasemao: «Wanawake ndio wengi katika universite, nao wana sehemu kubwa ya deni. Mbona fundi asiyesoma huko awalipie?» Neno hilo lina haki kidogo. Lakini tuulize: nani hulemewa zaidi? Si daktari mwenye diploma, bali yule aliyekopa akaacha masomo katikati. Na wavulana huyaacha kuliko wasichana. Basi anayemcheka mdeni, mara nyingi anamcheka kijana yule anayedai kumtetea.

Richard Reeves, katika kitabu chake Of Boys and Men (2022), anafanya vema zaidi: anaomba walimu wanaume na shule za ufundi, bila kuwashusha wasichana. Ndiyo njia tunayoisifu. Mzigo wa dada ukizidi, wa kaka haupungui.