Ugumu wa Kwenda Taratibu

Wengi wetu tuliijua sanaa ya mapigano ya Kichina kupitia sinema: mateke ya hewani, makelele, Bruce Lee akimaliza ukumbi mzima peke yake. Ndiyo maana anayeiona taichi, ambayo ni tawi la sanaa hiyo, kwa mara ya kwanza, wazee uwanjani wakisogeza mikono kama wamo ndani ya maji, hudhani ni mazoezi ya waliochoka. Mimi naamini hakuna zoezi linaloubana mwili na nafsi kuliko hilo.

Chukua hatua moja tu. Uzito wote uko mguu wa kulia, goti limekunjwa kidogo bila kupita ncha za vidole. Mguu wa kushoto unanyanyuka, unatangulia, kisigino kinagusa ardhi bila kubeba chochote; ukitaka kuurudisha, unarudi. Kisha uzito unahama kidogo kidogo mpaka unyayo mzima utulie na mguu wa kulia ubaki mtupu. Kinachogeuka ni kiuno, mikono inafuata. Ukiharakisha, mwili hujitupa mbele na kasi inaficha kuyumba kwako. Ukienda taratibu huna pa kujificha: paja linatetemeka, bega limepanda bila wewe kujua, pumzi imekwama kifuani. Mwalimu mzuri hukuweka kwenye hatua hiyo kwa majuma mengi. Wenye pupa huondoka, na ni hasara yao, kwa sababu hapo ndipo palipo na utamu wote.

Hapo pia ndipo ilipo faida kwa mwili. Mtu mzima mara nyingi huanguka pale uzito unapohama kutoka mguu hadi mguu, na taichi ni kuhamisha uzito mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa wagonjwa 195 wa Parkinson: waliofanya taichi mara mbili kwa wiki kwa miezi sita walisimama imara zaidi, tena wakaanguka mara chache kuliko wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo.

Lakini haikuzaliwa kuwa dawa. Ukoo wa Chen, wa kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan, huihusisha asili ya taichi na Chen Wangting, mwanajeshi wa karne ya 17. Katika karne ya 19 Yang Luchan alijifunza kijijini humo, akaipeleka Beijing. Mjukuu wake, Yang Chengfu, aliyefariki mwaka 1936, akaulainisha mwendo na kuusawazisha, hata asiye mpiganaji akauweza. Mwaka 1956 China ikatoa mtindo mfupi wa mikao 24, na huo ndio wanaoanza nao watu wengi hadi leo.

Anayenigusa kuliko hawa wote ni Chen Zhaopei. Alikwisha kufundisha Beijing na Nanjing, jina lake likavuma. Mwaka 1958, umri umevuka miaka 60, akarudi Chenjiagou na kukuta sanaa ya mababu inafifia: wazee wanaijua, vijana hawana habari nayo. Angeweza kupumzika, na nani angemlaumu? Akawakusanya vijana akaanza nao upya. Ikaja njaa. Yakaja Mapinduzi ya Kitamaduni, yaliyoviandama vya kale vyote na kumdhalilisha yeye mwenyewe. Dhoruba ilipotulia akarudi kufundisha, akiwa mzee kweli sasa, akafundisha karibu hadi kifo chake mwaka 1972. Hakuona matunda. Miongoni mwa vijana wale walikuwamo Chen Xiaowang, ambaye baadaye alihamia Australia, na Zhu Tiancai, aliyefundisha Singapore. Kupitia kwao na wenzao, maelfu ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Henan wanajifunza leo namna ya kuweka kisigino chini kabla ya kukiamini.